Jina la baba halilingani kwenye leseni na pasipoti, na IELTS yangu, cheti cha Kiingereza, inakaribia kuisha

Bint Mkomani, Lamu:
Assalaam alaykum jamaa. Namtafuta aliyepitia jambo hili. Mimi ni muuguzi, natafuta kazi Uingereza. Nina KRCHN (stashahada ya uuguzi), miaka sita wodini, CBT (mtihani wa kompyuta) nimepita sehemu zote mbili, ya hesabu na ya uuguzi. IELTS ninayo. Mwajiri wa Uingereza amenihoji kwa video na kunikubali, anangoja barua ya NMC, baraza la wauguzi la huko, ndipo atoe CoS, cheti cha udhamini wa visa. Jumanne nimefika ofisi moja Nairobi, siku nzima kwenye basi kutoka Mokowe, nikalala Mombasa, nikaendelea kesho yake. Dirishani nikaambiwa mimi ni watu watatu. Leseni na cheti cha chuo vina Athman. Pasipoti, na kwa hivyo IELTS, ina Athumani. Kitambulisho kina Othman. Karatasi zikarudishwa nikaambiwa, "Chagua wewe ni nani, kisha urudi." Baba yangu alifariki miaka mitano iliyopita, na alikuwa mtu mmoja.

Maswali yangu ni mawili. Hati ya kiapo ya wakili yatosha, au lazima nibadili jina mpaka litangazwe kwenye Gazeti Rasmi la Serikali? Na IELTS yangu inatimiza miaka miwili baada ya wiki tisa: NMC wanahesabu siku ya kutuma maombi au siku faili linapokamilika?

Mama Pacha, Leicester:
Waalaykum salaam mwanangu, pole na safari. Mimi nilikuja 2019. IELTS ilikuwa saba kila mahali, na kuandika kulinitesa mara tatu, sita na nusu, sita na nusu, ndipo saba. Mama yangu aliuza bangili zake kwa ada ile ya mwisho. Halafu OSCE, mtihani wa vitendo, nikaanguka kituo cha kidonda. Glovu tasa iligusa ukingo wa trei, nami nikaendelea kana kwamba haikugusa. Wodini kwetu ningeibadilisha bila kufikiri, lakini mbele ya mtu mwenye karatasi mkono uliganda. Nakwambia hivi ili ujizoeze kusema kwa sauti kila unachofanya: "nanawa mikono", "naangalia tarehe ya dawa", "nauliza jina na mzio". Usiposema, kwao hukufanya. Nilirudia nikapita, nikapata PIN, namba ya usajili, na mshahara ukatoka bendi ya 4 hadi ya 5. Usikate tamaa.

Mwana wa Shela, Leeds:
Tafadhali tusimpoteze dada. Kuandika ni 6.5, saba ni kusoma, kusikiliza na kuzungumza. Kwa OET, mtihani mwingine wa Kiingereza, ni B tatu na C+ ya kuandika. OSCE ina vituo kumi tangu 2021. Mimi nililipa tathmini pauni 140, CBT 83, OSCE 794 na usajili 153. Hizo ni pauni 1,170, bado visa, kipimo cha TB na cheti cha tabia njema cha DCI, polisi wa upelelezi. Mwajiri alinirudishia ya OSCE, ila mkataba unasema nikiondoka mapema nalipa. Usome ukurasa huo mara mbili kabla ya kutia sahihi. Na wakala yeyote akikudai pesa ya kukutafutia kazi au CoS, mwache. Kanuni za Uingereza za kuajiri wahudumu wa afya zinakataza anayetafuta kazi kutozwa.

Mama Pacha, Leicester:
Sikumpoteza. Nilifanya Juni 2018, na NMC ilishusha kuandika hadi 6.5 Desemba mwaka huohuo. Ungeniuliza kwanza kabla ya kunikosoa mbele ya watu.

Mwana wa Shela, Leeds:
Samahani dada mkubwa. Lakini yeye anaomba sasa.

Dada wa Faza, Hamburg:
Bint Mkomani, hilo la majina nalijua kwa uchungu. Jina la babu yangu linaanza na Bwana, kama majina mengi ya Wabajuni. Mtafsiri wa vyeti vyangu akadhani ni la heshima akaandika "Herr", neno wanalomwitia mwanamume yeyote. Kwa hiyo cheti cha uuguzi kikawa na babu mmoja na pasipoti na babu mwingine. Nilingoja miezi minne karatasi itafsiriwe upya. Kila cheti chako kitakapotafsiriwa au kuingizwa kwenye mfumo, simama juu ya kichwa cha anayeandika, herufi kwa herufi. Na kama Uingereza inakuwia nzito, fikiria huku. Mkataba wa Kenya na Ujerumani ulitiwa sahihi Septemba 2024. Kijerumani lazima ufike B2 ndipo uwe muuguzi kamili, na si mchezo, mimi kilinichukua mwaka na nusu.

Mwana wa Shela, Leeds:
Ana kazi tayari mkononi. Aanze Kijerumani, der, die, das, ya nini?

Kijana wa Barani, Malindi:
Mimi niko hapahapa, natafuta njia kama yeye. Kinachoniumiza ni Kiingereza. Tumesomeshwa kwa Kiingereza, mitihani ya chuo Kiingereza, ripoti za wodi Kiingereza, na Kenya haimo kwenye orodha ya NMC ya nchi za Kiingereza. Makubaliano ya wauguzi kati ya Kenya na Uingereza yalitiwa sahihi Julai 2021, na mwaka huohuo Kagwe, waziri wa afya wa wakati huo, akasema kati ya 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza wamepita 10. Watu wakawacheka wauguzi. Hakuna aliyeuliza kwa nini muuguzi aliyefunzwa kwa pesa ya umma hana ajira kaunti yake. Mwaka wa 2017 wauguzi waligoma miezi mitano, Juni mpaka Novemba. Nilikuwa mwanafunzi, nikaona wodi tupu kwa macho yangu. Je, kwenda kwanza kama mlezi wa wazee kisha kugeuza haiwezekani?

Mwana wa Shela, Leeds:
Ulezi umefungwa kwa wanaoajiriwa kutoka nje tangu 22 Julai 2025. Anayekuuzia nafasi hiyo leo anakuibia.

Ami wa Langoni, Jeddah:
Mwanangu wa Mkomani, huku Ghuba watu wanaelewa jina la baba na la babu, hawakuulizi ukoo wako ni upi. Mimi nilipita DataFlow, uhakiki wa vyeti, na Prometric, mtihani wao, na Athman au Uthman kwao ni kitu kimoja. Kwa nini usiende kwa Kadhi akuandikie kwamba hao watatu ni mmoja? Kisha nakwambia ukweli, pesa napata, lakini Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ukiingia moyo hautulii. Nayasikia matari ya msikiti wa Riyadha nikiwa kwenye zamu ya usiku, hapa ambapo hakuna tari wala punda.

Mwana wa Shela, Leeds:
Ami, kwa heshima, Kadhi ni wa ndoa, talaka na mirathi. Kosa la herufi halimhusu. Asipotezwe siku nyingine kwenye foleni.

Kijana wa Barani, Malindi:
Na hilo la herufi si bahati mbaya. Sisi wa pwani na wa mpakani tumezoea kuulizwa babu wa babu ndipo upewe kitambulisho. Februari 2025 Rais alitangaza Wajir kwamba msasa ule wa ziada umeondolewa. Lakini karani aliyeandika Othman mahali pa Athman miaka ishirini iliyopita, kazi yake bado inatembea.

Mama Pacha, Leicester:
Jamani, siasa baadaye. Ami, umenikumbusha. Juzi mgonjwa wangu, bibi wa miaka tisini, alinishika mkono akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia kuna mji usio na magari barabarani, asubuhi unaamshwa na adhana na punda. Akaniuliza kwa nini niliondoka. Nilibaki nimeshika kipima presha, sikupata la kumjibu.

Dada wa Faza, Hamburg:
Wallahi.

Bint Mkomani, Lamu:
Nimesoma yote, na Mungu awalipe. Leo wakili wa hapa amenitolea kiapo chenye majina yote matatu, kimegongwa muhuri. Ofisi ikikikataa, nitaanza la Gazeti. Kesho alfajiri navuka Mokowe tena. Ila hakuna aliyenijibu la tarehe, ya kutuma au ya kukamilika. Zimebaki wiki nane na siku nne.

Mama Pacha, Leicester:
Safari njema mwanangu. Uwe na nakala tatu za kila karatasi. Na siku utakayokuja, usisahau achari ya embe, ile kali.