Tupeane uzoefu: mtoto wa ukoo aliyezaliwa mfu, ulimpata kwenye kumbukumbu zipi?

Wakuu, poleni na baridi. Naandika ukoo wetu wa Tukuyu. Baba mkubwa kazaliwa 1953, baba 1959. Miaka sita katikati ni mitupu, na bibi alikuwa anazaa kila baada ya miwili.

Nikaenda usharikani, Moravian. Mzee wa kanisa kafunua daftari la ubatizo ukurasa kwa ukurasa, hakuna kitu. "Mjukuu, hapa tuliandika waliobatizwa. Ambaye hakulia, tungemwandika jina gani?" Cheti ndiyo usiseme, enzi za mkoloni Mwafrika hakulazimika kuandikisha kizazi.

Bibi mdogo ndiye aliyenipeleka nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Akagusa kipande cha jiwe la kusagia kwa fimbo. "Wako wawili hapa. Tulizika wanawake wenyewe, jioni. Wanaume hawakuitwa."

Wenzangu mlianzia wapi?

Mdau wa Mafinga: Kamwene. Mimi kadi ya kliniki ya marehemu mama, aliifunga kwenye kitenge pamoja na risiti za pareto. Juu imeandikwa: mimba ya 7, amezaa mara 6, walio hai 4. Sisi marehemu tuliyemjua ni mmoja tu, wa surua. Nilikaa na ile kadi mkononi mpaka chai ikapoa.

Nesi mstaafu: Kwa miaka ya karibuni ombeni kitabu cha MTUHA (daftari la taarifa za huduma za afya) cha wodi ya wazazi. Tafuteni jina la mama na tarehe, maana mtoto mfu yuko kwenye mstari wa mama yake: jinsia, uzito, basi. Ila muwahi, kituo kimoja nilichofanyia kazi vitabu vya zamani viliwekwa stoo inayovuja. Na Wakatoliki msikate tamaa, kichanga aliyetoka na pumzi kidogo mkunga aliweza kumbatiza palepale kwa maji, na huyo anaweza kuwa daftarini parokiani.

Nipo masomoni: Huku Uingereza (England na Wales) wanawaandikisha waliozaliwa wafu tangu 1927, lakini rejesta hairuhusiwi kwa kila mtu. Anaomba mzazi, wazazi wakiwa wamefariki, ndugu wa tumbo moja.

Mleta mada: Asanteni. Jana nimempigia bibi mdogo kuuliza jinsia. Wa kwanza msichana, "alikuwa na nywele nyingi." Wa pili hakufunuliwa.