Mjadala: Kitambulisho kitoshe kuvuka mipaka yote ya Afrika Mashariki, au pasipoti ibaki?

Mzunguka Ziwa (Kisumu)

Wadau, tulijadili hili bila matusi, tafadhali. Agosti iliyopita tulifunga safari watano, marafiki wa tangu sekondari, kulizunguka ziwa letu, Victoria, kwa gari. Tuingie Uganda kwa Busia, tupite Jinja, Kampala na Masaka, tuvuke Mutukula kuingia Tanzania. Kisha Bukoba, Geita, lile daraja jipya la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, tulale Mwanza, halafu Musoma, Tarime, Sirari, na nyumbani kupitia Isebania. Siku nane. Ziwa moja, nchi tatu.

Busia tulipita hata chai haijapoa kwenye chupa. Watatu tulikuwa na pasipoti, wawili walitoa vitambulisho tu, wote tukavuka. Kampala tukala luwombo wa kuku, Masaka tukalala. Siku ya tatu asubuhi tuko Mutukula. Ofisa wa upande wa Tanzania alikuwa mpole, sina la kumlaumu. Akavitazama vile vitambulisho viwili, akavirudisha. "Hivi huku havivushi, ndugu zangu. Naomba pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria." Sasa hati ya muda ya Mkenya hutolewa na Kenya, na Kenya tumeiacha nyuma kilomita kama 400.

Tukakaa chini ya mti saa mbili nzima tukibishana. Mwishowe watatu tukaendelea na gari, wawili wakarudi Kampala na kupanda basi la usiku hadi Kisumu. Mpaka leo hatujakaa meza moja sote watano.

Hayo ya urafiki nitayabeba mwenyewe. Swali ninaloleta hapa ni hili: tangu Januari 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda huvukiana kwa kitambulisho. Tanzania haikuingia kwenye mpango ule. Kwa nini ufuo mmoja wa ziwa unipokee kwa kitambulisho na mwingine unidai kijitabu cha shilingi 7,550? Msimamo wangu: kitambulisho kitoshe, pande zote.

Mama Omena (Busia)

Kitoshe! Upande huu tunaita omena, Uganda mukene, Tanzania dagaa, na samaki ni yuleyule. Mimi huvuka mara tatu kwa wiki, kitambulisho nimekifunga kwenye leso. Zamani ukiogopa maswali unapita njia za panya na gunia kichwani, mvua ikikunyeshea na askari akikukimbiza. Siku hizi kituo ni cha pamoja, unamalizana na nchi zote mbili mahali pamoja, unaendelea na shughuli zako. Nina shangazi kaolewa ng'ambo, kanisa lake liko huku. Ukimwambia shangazi atafute pasipoti ndipo aje kwenye ibada, umemwambia arudi njia za panya. Wanaotetea pasipoti wengi hawaishi mpakani.

Nyuma ya Usukani (Migori)

Kosa ni lenu, Mzunguka Ziwa. Usiisingizie Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mimi hupeleka watu Mwanza na Musoma. Kabla sijawasha gari, kila abiria ananionyesha karatasi zake mkononi. Habari ya "nimeziacha kwa begi" siitaki. Pasipoti au hati ya muda, na kadi ya manjano. Tena hizo kadi za manjano ni mbili, watu huzichanganya kila siku: moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, nyingine ni bima ya gari ya COMESA, ya kuvukia mipaka. Nimeshuhudia mzee mzima akimpa nesi bima ya gari. Nesi akaisoma yote, akamwuliza, "Hii Probox ilichanjwa lini?"

Watano mmekaa sekondari pamoja, mmepanga safari ya siku nane, na hakuna aliyemwuliza mwenzake "una pasipoti?" Hiyo haihitaji itifaki.

Kijana wa Kondele

Mliwaacha? Kweli mliwaacha?

Mwalimu Mstaafu (Nakuru)

Ninawasoma tangu asubuhi. Niruhusuni niende kinyume na wengi.

Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi 1983. Nilikuwa nafundisha karibu na Isebania. Wakuria ni watu wamoja, mpaka uliwapasua katikati kama mtu anavyopasua kuni. Watu waliosikia msiba ng'ambo walivuka usiku wakazika kabla ya jogoo, au hawakuzika. Kwa hiyo msinihubirie uchungu wa mpaka, naujua.

Lakini funzo nililolichukua mimi ni jingine. Jumuiya ile ilianzishwa 1967, ikafa baada ya miaka kumi, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake anafaidi zaidi. Hii ya sasa, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Arusha mwaka 1999, imejengwa taratibu kwa makusudi. Someni Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kazi Julai 2010, Kifungu cha 9. Kinasema nchi zilizokubaliana kutumia vitambulisho vinavyosomeka kwa mashine zinaweza kufanya hivyo. Neno ni "zilizokubaliana". Tanzania haikukubali, basi haijavunja chochote. Mtu akikuambia tangu awali kwamba mlango wake unafunguliwa kwa ufunguo fulani, huwezi kumlaumu kwa kuja na mwingine.

Tena tuseme wazi: je, kitambulisho chetu tunakiamini sisi wenyewe? Angalia jinsi vijana wa maeneo ya mpakani walivyohojiwa kwa miaka mingi kabla ya kukipata, babu yako ni nani, chifu anakujua. Kama serikali yetu ilikuwa na wasiwasi na kadi yake, jirani aiamini vipi? Pasipoti ibaki kwa sasa.

Mzunguka Ziwa (Kisumu)

Mwalimu, shikamoo. Kwa Kifungu cha 9 umenishika, nakubali Tanzania haijavunja kitu. Lakini mimi sikuuliza nani kavunja sheria. Nimeuliza sheria iweje. Halafu hoja yako ya kuhojiwa naigeuza: kama kijana wa Isebania alihojiwa hadi jina la babu ndipo akapewa kadi, basi kadi hiyo imechujwa kuliko pasipoti, maana pasipoti yenyewe inaombwa kwa kadi hiyohiyo. Aliyeghushi kitambulisho atashindwa kupata pasipoti kwa nini?

Mrorya (Kisumu)

Habari za saa hizi, wapendwa. Naomba nami nichangie kidogo. Mimi ni Mtanzania, Mjaluo wa Rorya, nipo Kisumu mwaka wa sita sasa. Nyumbani kwetu ukisimama kilimani unaliona ziwa hilihili.

Niwaeleze watu wa kwetu wanaogopa nini, maana naona huku mnadhani ni roho mbaya. Wanaogopa ardhi. Tanzania ardhi ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini, na Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi mgeni ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mkulima wa kwetu amesikia habari za Kenya, mtu mmoja ana ekari elfu na jirani yake hana pa kuzikwa. Akiambiwa Wakenya watakuja kwa kitambulisho tu, yeye anasikia wanakuja kununua shamba. Utamcheka, lakini hana shamba jingine.

Ila nami niseme ukweli wangu: pasipoti hailindi shamba. Shamba linalindwa na sheria ya ardhi na mwenyekiti wa kijiji asiyepokea bahasha. Itifaki yenyewe ilisema mambo ya ardhi yabaki kwa sheria za kila nchi. Mkenya akija na kitambulisho hapati hata tuta moja zaidi ya anayekuja na pasipoti. Kwa hiyo woga una haki yake, lakini umewekewa kufuli mlango usio wake. Mimi nasema vitambulisho vikubaliwe, kwanza kwa sisi wa kuzunguka ziwa, tuone inakwendaje.

Na jambo la pili, mniwie radhi. Mkifika mgahawani Musoma msiseme "nipe chai", "leta sato". Semeni "naomba". Mtu ana pasipoti mpya kabisa na bado akifungua mdomo anaonekana kavamia nchi.

Nyuma ya Usukani (Migori)

Hapo kwa "naomba" umenena! Nimepandishiwa bei Tarime kwa sababu ya mdomo wa abiria.

Mama wa Watatu (Kakamega)

Nyote mnaongea kama watu wasio na watoto. Kitambulisho hutolewa kwa mtu wa miaka 18. Mume wangu ana dada Mwanza. Tukitaka kwenda Krismasi, mkivifungua vitambulisho leo, mimi na baba yao tutavuka, watoto watatu je? Na pasipoti za watu watano kwa 7,550 ni shilingi 37,750 kabla ya nauli, kabla hata ya kununulia wifi kitenge. Kwa hiyo mimi siko kwa Mwalimu wala kwa Mzunguka Ziwa. Nataka hati ya familia, karatasi moja yenye majina yetu sote, ya bei ya chini, inayokubaliwa nchi zote. Bei ya pasipoti ilikuwa 4,550, ikapandishwa 2024. Mngeanza kelele hapo.

Mwalimu Mstaafu (Nakuru)

Mama wa Watatu, hilo la watoto sikuwa nimelifikiria. Nalikubali lote.

Mama Omena (Busia)

Mwalimu amekubali kitu! Andikeni tarehe.

Abiria wa Nne (Kisumu)

Nimetumiwa mjadala huu na mtu. Mimi ni mmoja wa wale wawili wa Mutukula.

Mzunguka Ziwa, mambo umeyaeleza vizuri, lakini umeruka sehemu. Kosa la karatasi ni langu, dereva wa Migori ana haki. Nilisikia "Afrika Mashariki ni moja" nikaiamini kama mtoto. Sikuudhika na Tanzania. Kwamba mliendelea, hilo pia naweza kulielewa, mlishalipia chumba Bukoba. Kilichoniuma ni kura. Tulikuwa chini ya ule mti, ukasema "tupige kura". Watu watano, watatu wana pasipoti, wawili hawana. Hiyo kura ulikuwa hujui itakavyoisha? Bora ungesema tu, "Jameni, sisi tunaenda," tukakumbatiana, mkaenda.

Kuhusu mada yenyewe, niko na Mama wa Watatu. Nikipata mtoto sitaki aone kilichonipata, kusimama mbele ya kamba na kuwaona wenzako upande wa pili wakikupungia mkono.

Mzunguka Ziwa (Kisumu)

Nimesoma mara tatu. Ni kweli ile kura ilikuwa yangu, na nilijua itakavyoisha. Nilitaka uamuzi uonekane ni wa wote ili usiwe wangu. Daraja la Busisi tulilivuka bila mtu kusema neno ndani ya gari, na hakuna aliyetaka kupiga picha. Nilikununulia sato mkavu Mwanza, ikanishinda kukuletea, tukamla sisi.

Kwa mada bado nashikilia kitambulisho, na hati ya familia kwa watoto naiongeza.

Abiria wa Nne (Kisumu)

Sato nimesamehe. Lakini mimi na mwenzangu tulichanga mafuta ya kuzunguka ziwa lote, tukazunguka nusu. Hiyo nusu nyingine?

Nyuma ya Usukani (Migori)

Aah, sasa tumefika kwenye mada.

Mzunguka Ziwa (Kisumu)

Nakupigia jioni tuhesabu. Lakini Masaka nililipa chakula cha wote, hiyo itoke.

Abiria wa Nne (Kisumu)

Cha Masaka kitoke. Cha Kampala nililipa mimi.