Mnyonge ni nani: Tom au Jerry?

Kijeba: Wadau, tumekua tukimshangilia Jerry kwa kuwa ni mdogo. Majuzi nimezirudia zile katuni za Hanna na Barbera, waliowabuni paka Tom na panya Jerry, nikabaki namwonea Tom huruma. Ya kwanza kabisa, 1940, paka (enzi hizo anaitwa Jasper) anamshika panya mkia, anamwachia, anamshika tena. Hapo sawa, Jerry mnyonge. Baadaye? Tom kajilalia, panya anamfuata na nyundo. Anayemtetea Jerry hajawahi kuishi na panya.

Mama Swaumu: Sijawahi? Nimeishi nao Manzese miaka sita, wamenitafunia kanga ya harusi, na bado niko na Jerry. Usitusemee.

Dk Rimoti: Hiyo ya 1940 umeiangalia nusu. Mama wa nyumba anasema kikivunjika kitu kingine, paka nje. Panya kasikia. Kabeba glasi hadi ukingoni mwa meza, paka kaganda. Ujanja wa Jerry ni wa tangu siku ileile.

Kijeba: Nusu? Nimeiangalia mara tatu, daktari wa rimoti.

Tai Nyekundu: Waliharibu walipowapatanisha. 1975 Jerry kavalishwa tai, ni marafiki, wanazunguka dunia kushindana michezo. Eti vurugu zipungue kwenye televisheni. Sasa mnyonge bila mbabe wa nini?

Dk Rimoti: Bora hizo kuliko zile 13 za mwongozaji Gene Deitch, zilizotengenezwa Prague. Lile jibaba linalomfuga Tom linampiga mpaka uso wa jibaba lenyewe unaiva wekundu. Sikucheka hata moja.

Kijeba: Si ndiyo ninachosema! Hata ile filamu ya 2021, Tom yuko bustanini New York anapiga kinanda apate riziki, Jerry anakuja kumharibia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Mama Swaumu: Haki gani kwa paka? Wangu alikuwa anawatazama tu wakipita.

Kijeba: Ulikuwa unamlisha nini?

Mama Swaumu: Dagaa.

Kijeba: Paka aliyeshiba dagaa awinde kwa shida gani, mama yangu?

Tai Nyekundu: Dawa ni gundi. Machinga wanauza, unapaka kwenye kadibodi, asubuhi unaokota.

Dk Rimoti: Mada jamani.

Mama Swaumu: Gundi niliweka. Akanasa paka.

Tai Nyekundu: Kanasaje?

Mama Swaumu: Mkia. Na panya akala dagaa wake.