Karatasi hazishiki kwenye ukuta wa chokaa: nifanyeje?

Mpangaji wa Isevya (Tabora)
Ndugu zangu, salaam. Nimepanga chumba kimoja Isevya, ambacho kuta zake zilipakwa chokaa miaka mingi iliyopita, na mwenye nyumba hataki zipigwe msumari wala zipakwe rangi. Kwa kuwa mfuko wangu ni mwepesi, nilinunua manila, nikakata maua na majani, nikayabandika kwa solotepu juu ya kitanda. Usiku wa tatu niliamshwa na ua zima lililoniangukia usoni, na nilipoligeuza nikakuta solotepu imejaa unga mweupe kana kwamba imechovywa kwenye sembe. Nibandike kwa kitu gani, na je, ipo karatasi ya bei nafuu inayofaa kuliko manila?

Mama wa Gungu (Kigoma)
Pole, ndugu yangu. Solotepu yako haina kosa. Ilishika vizuri sana, ila ilichoshika ni vumbi la chokaa, si ukuta. Pitisha kiganja ukutani: kikirudi cheupe, hakuna gundi itakayodumu hapo. Fagia kwa brashi kavu, futa kwa kitambaa chenye majimaji kidogo, acha pakauke siku nzima, kisha paka uji mwepesi wa unga wa muhogo, ambao ukikauka hulifunga vumbi lililobaki. Gundi yenyewe ni uji huohuo ukiwa mzito: kikombe 1 cha unga kwa vikombe 5 vya maji. Vuruga unga kwanza kwa maji baridi, ndipo uuteleke, ukikoroga mpaka weupe upotee na uji uanze kung'aa. Pika wa siku hiyo tu, kwa maana ukilala siku mbili tatu katika joto letu hili huchacha.

Manila hupauka ikipigwa na jua la dirishani. Mimi hutumia mifuko ya saruji, ile ya karatasi, si ya nailoni iliyofumwa. Ikung'ute nje ukiwa umejifunga kitambaa puani, tenganisha tabaka zake, uchukue la nje: upande wake wa ndani huwa safi na hauna maandishi. Ifinyange kama unayefua, ikunjue, uibandike. Ile mikunjo hufanya ukuta uonekane kama umevikwa ngozi, na kwa kuwa ni ya kaki tangu mwanzo, hata ikizeeka haichukizi kama gazeti lililogeuka manjano.

Fundi wa Ng'ambo (Tabora)
Mama amesema vyema kuhusu chokaa, lakini kwa mpangaji nina wasiwasi. Uji wa muhogo ni chakula, na mende hawabagui, sembuse mchwa, ambao karatasi yenyewe wanaila. Ukibandika, anzia juu kidogo ya usawa wa magoti, kwa sababu nyumba nyingi za matofali zisizo na msingi mzuri hunyonya unyevu kutoka chini wakati wa mvua, na karatasi huota ukungu. Tena siku ya kuhama, karatasi itabanduka pamoja na chokaa, nawe utadaiwa.

Ningekuwa wewe, ningefunga kamba ya katani kutoka fremu ya dirisha hadi fremu ya mlango, nikatundika mapepeo. Kunja A4 mbele na nyuma, mikunjo ya upana wa kidole ikifuata upande mfupi, funga uzi katikati, ufungue pande zote. Karatasi 2 zikiunganishwa hutoa duara la takriban sentimita 21. Kalenda za zamani zinapendeza zaidi kwa sababu zinang'aa. Usitundike karibu na kibatari.

Mpangaji wa Isevya (Tabora)
Nawashukuru sana. Kiganja kimerudi cheupe kama cha mpika maandazi. Mwenye nyumba ameridhia uji wa muhogo kwa sharti kwamba nikihama nipake chokaa upya mwenyewe. Juu ya kitanda nitatundika mapepeo, na mfuko wa saruji nitaujaribu nyuma ya mlango, kipande kimoja tu, mvua zikiisha.