Mishumaa ya soya inatoka jasho baada ya kutia mafuta ya nazi

Binti_Tanga

Habari zenu wakuu. Natengeneza mishumaa ya nta ya soya hapa Tanga, naimimina kwenye glasi fupi. Wateja wangu ni nyumba mbili za wageni kule Pangani, na maharusi wa hapa na pale wanaotaka zawadi za kugawa.

Nta niliyonayo ina tabia ya kuota madoa meupe ubavuni mwa glasi, kama chumvi iliyokaukia ukutani, na juu haigandi vizuri, inabaki na mabonde. Tena mshumaa ukiwaka unajichimba shimo katikati, nta ya pembeni haiguswi. Mitandaoni wanasema dawa yake ni mafuta ya nazi: yanalainisha nta, na mshumaa unanukia zaidi. Nazi kwetu si kitu cha kutafuta, nikatia.

Kipimo changu: nta nusu kilo, mafuta ya nazi vijiko vinne vikubwa, manukato gramu 50 (karafuu na vanila). Siku nilipomimina ilipendeza mno, juu laini kabisa. Shida ni mchana. Ikifika saa nane naona matone ya mafuta juu ya nta, na nikibonyeza, kidole gumba kinazama. Zile za harusi zililazwa ubavu ndani ya kikapu, karatasi za kufungia zikatota mafuta. Nipunguze manukato, nipunguze mafuta ya nazi, au nta yenyewe ndiyo mbovu?

MamaKandili

Mwanangu, nta haina kosa.

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Sasa niambie, ni mchana gani Tanga uliwahi kukaa chini ya nyuzi 24? Mimi niko Mombasa, na chupa yangu ya mafuta ya nazi ikionekana na utando mweupe asubuhi ya Julai tunaitana kuitazama. Hao walioandika kipimo hicho wanakaa nchi za baridi, mafuta ya nazi kwao wanayachota kwa kisu. Wao wanaongeza kitu kigumu ndani ya kitu kigumu. Wewe unamimina maji ndani ya nta. Na nta ya soya ya kutia kwenye glasi yenyewe si ngumu hivyo, nyingi huyeyuka kwenye nyuzi 46 mpaka 50. Ikishapigwa na nyuzi 32 za kaskazi tayari imelegea, nguvu ya kushika mafuta imepungua, basi inayatapika juu.

Tupige hesabu. Kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi ni kama gramu 13. Vinne ni 52. Weka na manukato 50, umepita gramu 100 za mafuta ndani ya nta gramu 500, yaani moja ya tano. Mtazame muuzaji wako wa nta ameandika nini: wengi wanasema mwisho asilimia 10. Na hiyo asilimia ni ya mafuta yote unayoyatia. Nta haijui yapi umenunua kwa bei na yapi umekamua nyumbani. Ukitia mafuta ya nazi gramu 20, manukato nayo yapungue gramu 20.

Habari ya kwamba yanaongeza kunukia: mafuta ya nazi hayabebi harufu ya ziada yoyote. Yanachofanya ni kulainisha nta, dimbwi la nta iliyoyeyuka linapanuka haraka, na dimbwi likiwa pana ndipo manukato yanapanda kwa wingi. Dimbwi hilo unalipata pia kwa utambi unaostahili, bila tone la nazi.

Hapo ndipo lilipo shimo lako. Mshumaa kujichimba katikati ni kesi ya utambi, wala soya usiisingizie. Pima upana wa glasi kwa ndani. Ikiwa sentimita saba na nusu, washa mahali pasipo na upepo wa feni, uache saa tatu. Dimbwi lisipofika ukingoni, panda utambi wa namba ya juu, yaani mnene zaidi. Likifika mapema na kina kikapita sentimita moja, shuka. Ujaribu kwa nta ile ile na manukato yale yale utakayouza, kwa sababu ukibadili kimoja utambi nao unabadilika. Watu hawataki kusikia hili kwa kuwa linachosha.

Na hayo matone usiyachukulie kama uchafu tu wa kuharibu karatasi. Mafuta ya manukato yaliyokaa juu karibu na utambi yanaweza kushika moto ghafla mteja anapowasha. Mishumaa iliyobaki ifute kwa tishu kabla haijaenda popote. Iliyolowa sana usiiuze, iyeyushe, uongeze nta mpya mpaka hesabu irudi chini ya kumi.

Njombe_Juu

Naomba nimtetee mafuta ya nazi kidogo. Mimi nipo Njombe. Huku mwezi wa saba usiku tunashuka chini ya nyuzi 10, na mafuta ya nazi yanayotoka pwani inabidi chupa niiweke kwenye maji ya moto ndipo yatoke. Nta ya soya kwa baridi hii inaganda haraka mno, inaachia glasi, juu inapasuka. Nikitia mafuta ya nazi gramu 25 kwa nusu kilo, manukato gramu 25, inatulia, juu inakuwa kioo. Haijawahi kutoka jasho ikiwa huku.

Nimesema ikiwa huku. Niliwahi kumpa dereva wa basi katoni apeleke Dar, ikakaa kwenye buti. Sina haja ya kueleza ilifikaje.

MamaKandili

Njombe_Juu, wewe na mimi hatubishani. Huko kwenu ni kitu kigumu, kitie. Ila katoni ya Dar itengeneze kwa kipimo cha Dar. Mshumaa unapimwa kwa joto la kule utakakowashwa.

Mtambi

Haya yote ya nini? Nta ya parafini ipo, bei chini. Bibi zetu waliwashia hiyo hiyo.

Binti_Tanga

Mtambi, wageni wanauliza kama ni soya kabla hata hawajanusa, na bei ninayopata ni kwa sababu hiyo. Parafini ningeuza kwa bei ya mshumaa wa kukatika umeme.

Wete_karafuu

Dada, hayo mafuta ya nazi ni ya dukani yaliyosafishwa au ya kupika nyumbani? Kwa sababu kwetu Pemba mafuta ya nyumbani ndiyo ya kwanza mtu kuyafikiria, nayo kwenye mshumaa yana vituko vyake.

Ukikuna nazi, ukakamua tui, ukalipika mpaka mafuta yakajitenga, chini yanabaki mashapo ya rangi ya hudhurungi, na ndani ya mafuta hubaki maji kidogo hata kama huyaoni. Maji hayo yakifika kwenye utambi yanarusha. Utasikia tik, tik, na mwali unarukaruka. Mashapo nayo yanaziba utambi, mwali unazidi kuwa mdogo mpaka unazama. Kama ni lazima utumie ya nyumbani, yarudishe jikoni moto mdogo mpaka vipovu vikome kabisa, yapoe, uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara mbili. Hata hivyo yatanukia nazi, na harufu hiyo itapigana na vanila yako. Yakikaa miezi na unyevu ndani yanachacha, mshumaa unanuka sabuni kuukuu. Mafuta ya mbata (nazi iliyokaushwa) yaliyosafishwa, yasiyo na harufu, ndiyo salama zaidi kwa kazi hii.

La pili ni karafuu. Ikiwa unatumia mafuta ya karafuu halisi au ya makonyo (vikonyo vya karafuu), ujue ni mazito, yanazama hata kwenye maji. Usipokoroga sawasawa yanakwenda chini ya sufuria na glasi ya mwisho kumimina inapata zaidi kuliko ya kwanza. Usiyapimie kwenye kikombe cha plastiki laini, yanakila. Tumia glasi au chuma.

La tatu, kama nazi ni nyingi kwenu na mnataka ionekane mezani kwa wageni, kwa nini usifanye taa badala ya mshumaa? Glasi pana, maji robo tatu, mafuta ya nazi juu yake unene wa vidole viwili, na utambi uliopenyezwa kwenye kipande cha kizibo chenye bati jembamba juu, kinaelea. Mafuta yanakaa juu ya maji yenyewe. Yakiisha, utambi unafika majini, unazimika. Ndani ya maji tia asmini au vipande vya limau. Kwenye joto la pwani mafuta kuwa maji hapo si tatizo, ndivyo yanavyotakiwa kuwa. Gharama yake ukilinganisha na soya ya kuagizwa utacheka.

Binti_Tanga

Shikamoo mama, na wote asanteni. Mafuta yalikuwa ya nyumbani, Wete_karafuu umenijua. Na hiyo tik tik niliisikia, nikadhani ni utambi mbovu.

Nimefanya majaribio. Nta ile ile, glasi tatu. Ya kwanza manukato asilimia 6 bila nazi, ya pili asilimia 6 na nazi 3, ya tatu manukato 10 bila nazi. Nimeziweka juu ya friji ambako ndiko kuna joto kuliko kote nyumbani. Ya kwanza kavu. Ya pili mchana inang'aa kidogo juu, ukigusa kidole kinateleza, lakini haina matone. Ya tatu ina matone mawili matatu karibu na utambi, na sikutia nazi hata chembe! Kumbe manukato peke yake yanatosha kuleta balaa.

Ila zote tatu bado laini mno mchana. Nifanyeje ziwe ngumu? Na madoa meupe yamerudi kwenye ile ya kwanza.

MamaKandili

Marahaba mwanangu. Jaribio zuri hilo, tena juu ya friji, utadhani umenichungulia jikoni.

Ugumu unautafuta kwenye nta ya nyuki. Yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64, ndiyo maana inaishikilia soya kwenye joto. Kipimo changu cha kaskazi, kwa hoteli ninazozipelekea huku pwani: soya gramu 475, nta ya nyuki 25, manukato 30, nazi sitii. Wakati wa kusi nikitaka juu iwe laini zaidi natia nazi iliyosafishwa gramu 10, kijiko kisichojaa, na manukato nayashusha mpaka 25. Usizidishe nta ya nyuki, ina harufu yake ya asali inayofunika manukato, ina rangi ya manjano, na inataka utambi mnene kidogo. Kwa hiyo rudi kwenye jaribio la saa tatu.

Yeyusha nta ya nyuki kwanza, sufuria ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, kisha ongeza soya. Manukato tia ikiwa nyuzi 80 hivi, koroga polepole dakika mbili bila kutia mapovu. Mimina ikishuka 60. Glasi ziwe zimepashwa, mabonde ya juu yatapungua. Halafu ziache wiki mbili kabla ya kuuza. Soya inaendelea kukaza baada ya kuganda, na harufu nayo inatulia. Najua harusi haisubiri, lakini mwambie bibi harusi aagize mapema.

Moto ukishika sufuria ya nta, usimwagie maji. Zima jiko, funika kwa mfuniko. Hili nalisema kwa kila anayeanza, hata kama ameshalisikia.

Madoa meupe, mimi nimeacha kugombana nayo. Ni soya inavyojipanga ikiganda, hayadhuru kitu, na ukitia rangi ndipo yanaonekana zaidi. Mimi sitii rangi, na natumia glasi za kahawia. Mteja haoni chochote.

Njombe_Juu

Mama, nta ya nyuki unapata wapi safi? Ya huku tunayouziwa ina taka, vipande vya masega na hata miguu ya nyuki.

MamaKandili

Ya kwangu inatoka Tabora, kuna mtu ananiletea. Taka si tatizo. Iyeyushe kwenye maji mengi ndani ya sufuria kuukuu, ichuje ingali moto kwa kitambaa, iache igande juu ya maji usiku kucha. Asubuhi inatoka kama sahani moja. Ipindue, upande wa chini utaona utando wa kijivu, ukwangue kwa kisu. Ikihitajika rudia. Ila ikauke kabisa kabla hujaitia kwenye soya, ama utarudi kwenye ile tik tik ya Wete_karafuu. Na sufuria hiyo usiipikie wali tena, haitoki.

Binti_Tanga

Nimepata nta ya nyuki kilo moja sokoni, bado ina taka, kesho naichemsha. Nyumba moja ya wageni imeshaulizia hizo taa za kuelea za Wete_karafuu kwa ajili ya meza za nje, wanataka kumi za kuanzia. Wete_karafuu, kizibo unakata unene gani? Nilichojaribu leo kimepinduka.

Wete_karafuu

Nusu sentimita, na upana kama shilingi mia mbili. Bati ndilo linalokipa uzito wa juu, kwa hiyo likate dogo kuliko kizibo. Utambi usitokeze juu zaidi ya nusu sentimita, ukizidi unatoa moshi na unakipindua. Na meza za nje weka glasi ndefu, mafuta yakae chini ya ukingo vidole vitatu, upepo wa jioni Pangani usiuzime.