Paka wa mtaani kagongwa na bodaboda, kesho asubuhi nampeleka kwa daktari, nijiandae vipi?

Mpita_Kopa:
Habari za usiku wakuu, naombeni msaada maana hapa nilipo usingizi hauji. Jioni natoka kazini nashuka Mwananyamala kwa Kopa nikakuta watu wamesimama mtaroni, kumbe bodaboda kamgonga yule paka wa rangi ya chungwa anayelalaga pale kwa muuza chipsi. Kila mtu anasema mwache atakufa tu. Roho ikaniuma, nikamfunika na kanga nikambeba mpaka chumbani kwangu. Mguu wa nyuma wa kushoto hakanyagii kabisa unaning'inia tu, na pajani kachanika kama urefu wa kidole, damu imekata. Nimemuweka kwenye boksi, maziwa nimempa hajagusa. Wakati namnyanyua alining'ata kidole gumba, si sana. Daktari wa wanyama nimempata kwa simu kasema nimlete saa mbili asubuhi. Sasa analia sana, nataka nimpe nusu Panadol apate usingizi na kidonda nikioshe na Dettol, nipo sahihi?

DadaZuu:
USIMPE PANADOL ndugu yangu, nakuomba sana!! Ini la paka haliwezi kuivunja ile dawa, damu yake inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya udongo na anakufa, kidonge kimoja tu kinatosha kumuua. Nilimpoteza wangu hivyo hivyo 2019, nilikuwa najua namsaidia. Diklofenaki, brufeni, aspirini, zote za binadamu weka mbali. Na Dettol hapana, paka anajilamba, ile ni sumu kwake. Chemsha maji, yapoe, nusu lita weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi, mwagia taratibu juu ya kidonda kama anakubali, akigoma mwache. Usipake majivu wala spiriti. Mguu usiufunge na vijiti, ukikosea unaukata zaidi na maumivu juu.

Angalia pia fizi zake. Zikiwa za pinki subiri asubuhi, ila zikiwa nyeupe au anahema mdomo wazi usisubiri hiyo saa mbili, mpigie daktari tena usiku huu huu.

Mpita_Kopa:
Mungu akubariki dada, kidonge nilishakikata nusu. Nimekitupa. Fizi ni za pinki zimepauka kidogo.

babu_wa_tandika:
Kijana umefanya la maana. Mimi nafuga paka miaka mingi, nikuambie ya usafiri. Boksi liwe dogo, paka mgonjwa akiona nafasi kubwa anahangaika, toboa matundu pembeni, chini tandika taulo lililokunjwa mara mbili na chini kabisa ubao au kadibodi ngumu ili mgongo usipinde. Ukimhamisha usimshike kwa miguu wala usimnyanyue kwa ngozi ya shingo, msukumie taulo chini yake umnyanyue lote kama machela. Funika juu na kanga kuwe giza, atatulia. Boksi lifunge kwa kamba, paka hata mguu mmoja umevunjika anaruka, nilishaona mmoja kaponyoka kwenye bajaji pale Tazara hakuonekana tena. Chukua bajaji, bodaboda hapana.

Chakula usimpe mpaka umuulize daktari, maana kama atamchoma nusukaputi tumbo linatakiwa liwe tupu. Maji muwekee. Halafu kitu ambacho watu wengi hawakiangalii, mkojo. Aliyegongwa kibofu kinaweza kupasuka, kwa hiyo weka kitambaa cheupe chini yake, asubuhi umwambie daktari kakojoa au hajakojoa, na kama kuna damu. Muulize pia bei ya eksirei kabla ili usije ukakwama pale mlangoni.

nesi_mstaafu:
Mbona hamna anayeongelea kidole? Mpita_Kopa, osha hilo jeraha sasa hivi, maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 ukiangalia saa, usikadirie. Kesho ukitoka kwa daktari wa paka nenda hospitali ueleze umeng'atwa na paka usiyejua chanjo zake. Kichaa cha mbwa paka naye anacho, na dalili zikishatoka hakuna dawa. Usiseme ni padogo.

Mpita_Kopa:
Mrejesho wakuu. Tumefika salama, boksi nilifanya kama babu alivyosema, njia nzima katulia. Kakojoa usiku, hakuna damu, daktari kafurahi sana kusikia hivyo maana ndilo swali lake la kwanza. Eksirei inaonyesha mfupa wa paja umevunjika sehemu moja, ila nyonga ni nzima. Kidonda kimeshonwa, mguu watamfanyia kesho. Mimi nimechomwa sindano ya kwanza, narudi baada ya siku tatu. Muuza chipsi kanifuata hapa nyumbani katoa elfu tano, kumbe alikuwa anamtafuta.

Sasa daktari kasema akitoka akae ndani wiki sita bila kuruka ruka, na mimi nina chumba kimoja chenye kabati na dirisha la nondo. Mwenye uzoefu wa kumzuia paka asipande juu aniambie.