Kocha wa vijana akipandishwa timu kubwa, vijana wanabaki na nani?

Wakuu, salaam.

Kuna jambo huwa linapita haraka kila klabu inapoachana na kocha mkuu. Asubuhi inatoka barua ya kwanza ya kumshukuru aliyeondoka. Jioni inatoka ya pili: kocha wa timu ya vijana amepandishwa, anaungana na benchi la ufundi la wakubwa. Wapo wanaofurahi, kwamba huyu ni mtoto wa nyumbani na anaijua klabu. Wapo wanaopinga palepale, kwamba amezoea watoto, akakae na watoto wake. Tunabishana siku mbili, kocha mpya anatua uwanja wa ndege na skafu shingoni, habari ya yule wa vijana imekwisha.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Kocha wa vijana apandishwe, tena mara nyingi kuliko ilivyo sasa. Ila siku anapopandishwa, klabu iwe imeshamtaja atakayewashika vijana, na huyo anayepanda awe na kazi iliyoandikwa. Kama hayo mawili hayapo, heri abaki alipo.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa beki wa kulia, namba mbili, wa timu ya vijana ya klabu moja ya ligi, jina naliacha. Kocha wetu alikuwa na kauntabuku yenye jalada gumu, kona zimelika kwa kubebwa. Kila mchezaji alikuwa na kurasa zake humo. Kila mwisho wa mwezi alitusimamisha kwenye mwamba wa goli, akachora kwa chaki usawa wa kichwa, akapima na kuandika. Aliandika nani ana mtihani wa kidato cha nne, nani anafika mazoezini hajala, nani ana goti lisilotaka mechi mbili ndani ya wiki moja. Kwenye ukurasa wangu aliandika neno moja: "hachungulii". Nilikuwa napokea mpira bila kutazama nyuma ya bega. Akanitafutia dawa yake. Anasimama nyuma yangu ameshika vizibao viwili, cha kijani na cha njano, ananyanyua kimoja mpira ukiwa njiani, na mimi nitaje rangi kabla haujanifika mguuni. Jumanne na Alhamisi, miezi mitatu. Nikikosea hapigi kelele, anaurudisha mpira kwa aliyenipigia pasi, tunaanza upya.

Katikati ya msimu akapandishwa. Tulimpigia makofi, tukambeba mabegani. Wiki tatu zilizofuata mazoezi yetu yakasimamiwa na mtunza vifaa, mtu mwema kabisa, lakini alichokijua ni kutukimbiza kuzunguka uwanja kisha kutugawa timu mbili. Mwenzetu mwenye goti alichezeshwa mechi tatu ndani ya siku nane, kwa kuwa aliyezijua habari za goti lile hakuwepo, na kauntabuku ilikuwa ofisi ya wakubwa. Msimu ule hakucheza tena.

Na kocha wetu huko juu? Siku ya mechi nilimwona nikiwa jukwaani. Anapanga koni za kupashia, anagawa vizibao, anamtafsiria kocha mgeni maneno yake kwa wachezaji. Mtu aliyeweza kuona kwamba kijana wa miaka 17 hachungulii begani, huko hakuna aliyemuuliza anaona nini. Miezi michache baadaye kocha mkuu akafukuzwa, na jina la kocha wetu likawa kwenye barua ileile. Vijana walikuwa wameshapewa mtu mwingine. Hakuwa na pa kurudi.

Sasa tutoke kwangu, tuangalie yanayojulikana na wote.

Wa kwanza kukumbukwa huwa ni kocha Pep Guardiola. Mwaka 2007 alipewa Barcelona B ikiwa daraja la nne la Hispania, akaipandisha, na mwaka 2008 akakabidhiwa wakubwa. Msimu wake wa kwanza akabeba ligi, Kombe la Mfalme na Ligi ya Mabingwa. Alipanda na vijana wake wawili, Sergio Busquets na Pedro, na Julai 2010 wote wawili walianza fainali ya Kombe la Dunia wakiwa na Hispania. Hayo tunayajua. Tunachokisahau ni kile kiti alichokiacha. Klabu ilimkalisha Luis Enrique. Timu B haikukaa yatima hata wiki moja, na mwaka 2010 Luis Enrique akaipandisha hadi daraja la pili. Thiago Alcântara na Sergi Roberto walipita mikononi mwake. Kwa maoni yangu, uteuzi huu wa pili ndio unaotufundisha zaidi, maana Guardiola hazaliwi kila mwaka, lakini kujaza kiti kilichoachwa wazi klabu yoyote inaweza.

Arsenal walionja upande wa pili. Kiangazi cha 2019 Freddie Ljungberg alitolewa timu ya chini ya miaka 23 akawa msaidizi wa kocha mkuu, Unai Emery. Novemba Emery akafukuzwa, Ljungberg akaachiwa timu, na Per Mertesacker, mkuu wa akademi, akaja kukaa naye benchi. Mechi 6, ushindi 1. Simlaumu Ljungberg. Alipewa nyumba inayowaka, na aliyeletwa kumsaidia alitolewa hukohuko kwa watoto.

Halafu yupo Kieran McKenna, ambaye kwangu ndiye mfano wa karibu zaidi na makocha wetu wasio na majina. Alikuwa akademi ya Tottenham, majeraha yakamtoa uwanjani akiwa kijana kabla hajacheza hata mechi moja ya timu ya wakubwa. Akageukia ukocha, Manchester United wakamchukua mwaka 2016 kuwafundisha vijana wa chini ya miaka 18, na mwaka 2018 kocha mkuu José Mourinho akamwingiza benchi la wakubwa baada ya msaidizi wake Rui Faria kuondoka. Mourinho alifukuzwa mwezi Desemba mwaka huohuo, McKenna akabaki na Solskjær, aliyechukua nafasi ya Mourinho, kwa sababu kazi yake ya mazoezini ilikuwa inaonekana. Desemba 2021 akaenda Ipswich ikiwa daraja la tatu. Kufikia 2024 ilikuwa Ligi Kuu ya England, imepanda misimu miwili mfululizo.

Hapa kwetu Tanzania namtaja Selemani Matola kwa heshima zote. Mwaka 2012 alikuwa na vijana wa Simba B waliobeba kombe la Super 8, wakati ambao akina Jonas Mkude na Ramadhani Singano walikuwa wanachomoza. Mwishoni mwa 2013, Abdallah Kibadeni alipoondoka na Zdravko Logarusic kuja, Matola akapandishwa kuwa msaidizi. Baadaye akaenda kujitegemea, na akiwa na Lipuli ya Iringa alifika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini mwaka 2019, wakafungwa na Azam 1-0. Akarudi Simba kama msaidizi. Kocha mkuu Vandenbroeck kapita, Gomes kapita, Pablo Franco kapita, na wengine baada yao, naye alikuwa akikaimu kocha mkuu akiondoka, akirudi kiti cha pili akija mwingine. Mtu wa namna hiyo ndiye kumbukumbu ya klabu. Swali langu si kwa Simba peke yake: klabu zetu ngapi zimemwandikia mtu kama huyu kwamba mchezaji wa timu B akija kufanya mazoezi na wakubwa yuko chini yake, na kwamba kocha mkuu asikie kauli yake kabla kijana hajapelekwa kwa mkopo?

Nimesoma majibu yenu, naongeza.

Mdau mmoja kasema kocha wa vijana hawezi kumkoromea staa aliyetoka Afcon. Mimi sioni kama kukoroma ndiyo kazi. Julian Nagelsmann alitolewa timu ya vijana ya Hoffenheim ya Ujerumani akapewa wakubwa Februari 2016 akiwa na miaka 28, timu iko nafasi ya 17, baadhi ya wachezaji wamemzidi umri. Hawakushuka, na msimu uliofuata wakamaliza nafasi ya 4. Mchezaji mkubwa anamheshimu anayemwonyesha kitu ambacho hakukiona. Akiona hana la kumwonyesha, hata uje na CV ya Ulaya atakudharau.

Mwingine kaandika jambo lililonikalisha chini. Anasema kocha bora kabisa wa klabu anatakiwa abaki kwa watoto wa miaka 15, kwa sababu huko ndiko mchezaji anatengenezwa, na huku juu ni kupanga tu waliokwisha tengenezwa. Ndugu yangu, hapo sina ubishi mkubwa. Wapo makocha ambao kuwapandisha ni kuwaharibu, wao wenyewe na watoto. Lakini angalia kwa nini wanakubali kupanda. Mshahara. Kocha anaona vijana wake wakisajiliwa kwa fedha nzuri, na yeye bado anakuja uwanjani kwa bodaboda ya kukopa. Barua ya kupandishwa ikija, anayeikataa atamwambia nini mkewe? Tukitaka abaki chini kwa hiari, malipo yake ya chini yafanane na ya msaidizi wa juu. Kabla ya hapo tusimwambie habari za wito.

Aliyesema kocha wa vijana huenda hana leseni ya kuongoza wakubwa, kweli kabisa. Mashindano ya CAF hayamkalishi benchi kama kocha mkuu mtu asiye na daraja linalotakiwa. Ndiyo maana nasema klabu imlipie kozi akiwa bado na vijana, asisubiri wiki ambayo kocha mkuu amefukuzwa ndipo iulizwe ana leseni ya CAF daraja C au B. Ada ya kozi ni ndogo ukiiweka pembeni ya fidia ya kuvunja mkataba wa kocha mmoja wa kigeni.

Na wewe uliyeuliza kama kauntabuku ile ilirudi: haikurudi. Nilimuuliza mwenyewe miaka kadhaa baadaye, akasema aliiacha kwenye kabati la ofisi siku ile ya barua, alipoifuata akakuta kabati limebadilishwa. Akaniuliza kama siku hizi nachungulia.

Wenye kuijua mikataba ya makocha wa vijana wa hapa kwetu, naomba mniambie kitu kimoja. Je, kuna klabu inayoandika kwamba kocha aliyepandishwa akiondolewa juu ana haki ya kurudi kwenye nafasi yake ya chini? Kama ipo, itajeni.